Mhubiri, Mkalimani na Mgeni: Ibada ya Kipentekoste katika Uhakiki wa Fasihi-Simulizi

1. Utangulizi

Mnamo Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao mashuhuri huko Nairobi, wakitaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake ni fasihi ya Afrika, na ambayo ingeyapa masimulizi ya wananchi heshima yanayostahili. Tangu wakati huo fasihi-simulizi imepata kiti chake katika vyuo vya Kenya. Wanafunzi wametumwa vijijini likizo baada ya likizo, nao wamerudi na hadithi za fisi na sungura, vitendawili, na nyimbo za jando, za harusi na za matanga. Kazi hiyo ni kubwa na haifai kubezwa. Hata hivyo, pana pengo moja ambalo halijazibwa. Mama aliyeombwa hadithi za mazimwi siku ya Jumamosi, Jumapili yake alikuwa amesimama mbele ya mkutano akitoa ushuhuda kwa ufasaha usiopungua ule wa jana. Lakini kufikia wakati huo kinasasauti kilikuwa kimekwisha kufungwa mkobani.

Sababu za kuiacha ibada nje ya uhakiki ni mbili, na zote mbili hazina uzito wa kutosha. Ya kwanza ni dhana kwamba kilicho cha dini si cha fasihi. Mwenye kushikilia dhana hiyo akumbuke misingi ya ushairi wa Kiswahili. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, unasimulia vita vya dini. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni mawaidha kwa moyo uliosahau akhera. Na Mwana Kupona alipomwandikia binti yake mwaka 1858, alianza na Mungu kabla ya kufika kwa mume na nyumba. Hakuna mhakiki aliyeambiwa asizisome tungo hizo kwa kuwa ni za ibada, wala hakuna aliyelazimishwa kusilimu ili azisome. Sababu ya pili ni kwamba Kiswahili cha mimbari, hasa cha makanisa ya Kipentekoste, hudhaniwa kuwa kibovu, kilichojaa tafsiri sisisi na makelele. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nayo itarudiwa hapa chini. Lakini ubovu wa lugha haujui mtu mpaka auchunguze.

Pamoja na hayo, ukubwa wa jambo lenyewe haumruhusu mwanalugha kulipita. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu wafuasi wa makanisa ya kiinjilisti peke yao kuwa karibu moja ya tano ya watu wote nchini. Kwa wengi wao, mahali ambapo husikiliza Kiswahili cha hadharani kwa muda mrefu zaidi katika juma zima ni kanisani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu: kwamba ibada ya Jumapili ya Kipentekoste ni sanaa ya maneno yenye kanuni zake; kwamba istilahi za fanani na hadhira, jinsi zinavyotumiwa sasa, hazitoshi kuieleza; na kwamba mhakiki aingiaye humo kutoka nje hana budi kuipima sanaa hiyo kwa mizani ya haki, bila kuisifu kwa adabu wala kuicheka kwa kiburi.

2. Chanzo cha ibada yenyewe

Mwaka 1906, katika mtaa wa Azusa mjini Los Angeles, William J. Seymour, mtoto wa wazazi waliokuwa wamewahi kuwa watumwa, aliongoza mikutano ya maombi ambayo wanahistoria wengi huihesabu miongoni mwa chemchemi kubwa za Upentekoste wa leo. Mtaalamu Walter Hollenweger alisisitiza kwamba nguvu ya mwendo huu haikutoka katika vitabu vya mafundisho. Ilitoka katika urithi wa mdomo wa Wamarekani weusi: wimbo, hadithi, ushuhuda, ndoto na mwili unaocheza. Ikiwa hoja hiyo ni ya kweli, basi kilichofika Afrika Mashariki kwa jina la dini ya kigeni kilikuwa na damu ya Kiafrika ndani yake tangu mwanzo.

Huku Kenya mbegu ya kwanza ilipandwa magharibi. Misheni ya Nyang'ori, chini ya Otto na Marian Keller, iliungana na Wapentekoste wa Kanada mwaka 1924. Kutoka katika misheni hiyo hiyo alitoka Paul David Zakayo Kivuli, ambaye mwaka 1942 alianzisha kanisa la African Israel Nineveh, ambalo waumini wake hujulikana kwa maandamano yao ya ngoma na mavazi meupe. Mkondo mwingine ulitoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930: ule uamsho uliowapa watu wa Uganda na Kenya neno la Kiganda balokole, yaani waliookoka, ambalo Waswahili walilifanya walokole. Uamsho huo ulibaki zaidi ndani ya makanisa ya kimisheni, lakini ndio uliowazoeza watu wa kawaida kusimama na kuyasimulia maisha yao hadharani. Katika miaka ya 1970 mikondo hii ilikutana mijini, miongoni mwa vijana wa shule na vyuo, na makanisa mapya yakazaliwa.

Mambo mawili katika historia hii yana maana kwa uhakiki. Kwanza, ibada hii haina kitabu cha sala. Utaratibu wake uko kichwani, kama ulivyo utaratibu wa ngano. Pili, tangu siku za misheni mahubiri yalikuwa yakipitia kinywa cha mkalimani. Mmishonari alisema, Mwafrika akageuza. Mmishonari amekwenda zake, lakini mkalimani amebaki.

3. Mgeni ni kuku mweupe

Ibada inayotolewa mifano hapa ilifanyika katika kanisa moja la mabati, mashariki ya Nairobi, ambamo watu wapatao 200 walikuwa wameketi juu ya mabenchi na viti vya plastiki. Mtazamaji asiye mshirika huingia na daftari lake na kutafuta benchi la nyuma karibu na mlango, mahali ambapo, kwa mawazo yake, ataona pasipo kuonekana. Hapo ndipo kosa lake la kwanza. Mhudumu wa mlangoni humshika mkono na kumpeleka mbele, kwa kuwa mgeni hakalishwi nyuma. Kuku mweupe hajifichi katika kundi.

Baada ya nyimbo za kwanza, kiongozi wa ibada huwaomba wageni wasimame. Jambo hili laweza kuonekana kuwa adabu tu. Kwa kweli ni sehemu ya sanaa yenyewe, na ina kanuni. Mgeni husema, "Bwana asifiwe," mkutano ukaitikia, "Amina." Hutaja jina lake, atokako, na mwisho hali yake katika wokovu. Mgeni aliyezoea makanisa haya huvitaja vyote vinne kwa pumzi moja. Yule wa chuoni hutaja jina lake na mahali atokako, kisha hunyamaza. Kimya hicho husikika. Mkutano wangoja kifungu cha nne kama vile wangojavyo watu kina cha mwisho katika ubeti, na kisipokuja, kiongozi hukijaza mwenyewe: "Tunamshukuru Mungu aliyemleta ndugu yetu, na hatatoka kama alivyoingia." Amina ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza.

Hapa nadharia inapata somo. Katika vitabu vya fasihi-simulizi pana fanani anayetongoa, hadhira inayopokea, na mtafiti anayerekodi akiwa pembeni. Kanisani hapana pembeni. Mtafiti amekwisha kutunga maneno machache mbele ya watu, utungo wake umeonekana kuwa na upungufu, na umekamilishwa na wengine. Yeyote aandikaye juu ya ibada hii kana kwamba aliitazama kwa dirishani ameandika juu ya jambo ambalo halikutokea.

4. Pambio na tenzi

Nyimbo za ibada ni za aina mbili. Pana zile za kitabuni, kama zilizomo katika Tenzi za Rohoni, na pana mapambio. Nyingi katika zile za kwanza ni tafsiri zilizowekwa ndani ya sauti za kizungu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki wa Ulaya haukuijua sheria hiyo, na kwa hivyo mwimbaji mara nyingi hulazimika kuuvuta mwisho wa neno au kukanyaga silabi isiyostahili. Mazoea ya vizazi yameyafanya makosa hayo kuwa matamu, lakini sikio la mwanalugha huyasikia.

Pambio halina tatizo hilo kwa sababu limezaliwa ndani ya lugha. Ni fupi, mistari miwili au minne, na aghalabu katika kila mzunguko hubadilishwa neno moja tu: palipokuwa na baba pakaingia mama, kisha watoto, kisha wagonjwa, kisha taifa. Kiongozi hutoa neno jipya nusu pumzi kabla ya mkutano kuanza, na watu 200 huliingiza mahali pake bila kukosea. Mbinu hii ni ile ile ya nyimbo za kazi na za kinu. Hapana mwisho ulioandikwa. Pambio hukoma wakati mpiga ngoma na kiongozi wanapopatana kwa macho. Laweza kuwa la dakika mbili au ishirini. Tena pambio halijui mpaka wa kabila: katika asubuhi moja yalisikika ya Kiswahili, ya Kikikuyu, ya Kiluhya na ya Kiganda, na watu wasiozijua lugha hizo waliyaimba yote.

Kazi ya pambio haiko katika maneno yake tu. Hilo ndilo gundi la ibada. Mhubiri akichoka, pambio. Sadaka ikikusanywa, pambio. Umeme ukikatika na kipaza sauti kikafa, pambio. Tena mshirika yeyote ana haki ya kulianzisha. Haki hii ni jambo kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

5. Mkalimani kama mtunzi

Ndipo mhubiri apandapo mimbarini, na kando yake mtu wa pili. Mhubiri huyu ni Mkenya, mzaliwa wa nchi hii. Kiswahili anakijua, na kila mtu humo ndani anakijua. Hata hivyo anahubiri kwa Kiingereza, na mkalimani anageuza kwa Kiswahili. Mtazamaji hujiuliza mara moja: tafsiri hii ni ya nani? Kwa hakika si ya wasioelewa, maana hao ni wachache mno. Jibu la kwanza ni heshima. Kiingereza ni lugha ya wahubiri wakubwa wa ng'ambo ambao mahubiri yao husikilizwa katika redio, kanda na sasa simu, naye mhubiri wa mtaani angependa kusimama katika safu yao. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mimbari haijasoma ibara hiyo.

Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa haliwezi kueleza furaha ya mkutano. Anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba ukalimani umeunda umbo jipya. Mhubiri hukata sentensi yake katika vipande vifupi ili mwenzake apate nafasi. Kila kipande hurudiwa. Kwa hivyo mahubiri yote hugeuka kuwa mistari pachapacha, wa kwanza ukipanda na wa pili ukishuka. "Semeni Amina" husemwa mara mbili, na Amina huitikiwa mara mbili. Bruce Rosenberg, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya wahubiri wa Kimarekani, alitumia nadharia ya Milman Parry na Albert Lord kuonyesha jinsi mhubiri wa papo kwa papo anavyotegemea vifungu vya kawaida ili apate muda wa kufikiri. Hapa Nairobi muda huo hutolewa na mkalimani. Wakati mmoja asemapo, mwingine hutunga.

Wala mkalimani si mwangwi. Katika ibada hii mhubiri alisimulia, kwa Kiingereza, juu ya msafiri aliyepotea katika theluji. Mkalimani hakusita: msafiri wake alikuwa Limuru, mwezi wa Julai, alfajiri, bila koti. Kicheko kilichozuka kilikuwa cha kutambua. Mhubiri aliposema kwamba Mungu hufungua mlango mwingine mmoja ukifungwa, mkalimani aliongeza kwamba mlango wenyewe haubishwi kwa jiwe ila kwa magoti. Maneno hayo hayakuwamo katika Kiingereza. Mhubiri, aliyeyasikia, aliyachukua na kuyarudisha kwa Kiingereza, na hapo mkalimani akayageuza tena kwa Kiswahili kana kwamba ni mapya. Nani basi aliyetunga sentensi hiyo?

Ushairi wa Kiswahili una jina la uhusiano wa namna hii. Katika takhmisi, mshairi huchukua mistari miwili ya mwenzake na kuitilia mitatu yake, ili ubeti uwe wa mitano. Analazimika kukitii kina cha aliyetangulia, lakini ndani ya utii huo ana uhuru wa kuongeza maana. Tofauti iko katika mpangilio: mwenye takhmisi huitanguliza mistari yake, ilhali mkalimani hufuata nyuma, tena mwenye takhmisi ana usiku mzima na kalamu, ilhali mkalimani ana pumzi moja. Lakini sheria ni ile ile, na wakalimani walio bora huitii. Basi haishangazi kwamba katika makanisa mengi wahubiri wa leo ni wakalimani wa jana. Walijifunza kutunga kwa kukaa ndani ya utungo wa mwingine, kama mtambaji kijana anavyojifunza kwa bibi yake.

Tukio moja la kuchekesha lilionyesha nguvu ya umbo hili. Mhubiri alipopandwa na hamasa alisahau Kiingereza akasema sentensi nzima kwa Kiswahili safi. Mkalimani, bila kufikiri, akaigeuza kwa Kiingereza. Mkutano ulicheka, na wao wawili wakacheka. Lakini hakuna aliyeona ajabu kwamba hapakuwa na sababu ya tafsiri. Kilichotakiwa kilikuwa mstari wa pili.

6. Kunena kwa lugha

Maombi ya pamoja yalipofika kileleni, baadhi ya washirika walinena kwa lugha. Mwanaisimu hufika hapa akiwa na maandishi mawili ya mwaka 1972 mkononi. William Samarin aliona kwamba mneno huu una mpangilio wa sauti lakini hauna mfumo wa maana kama lugha nyingine za binadamu, na kwamba sauti zake hutokana na zile ambazo mnenaji amekwisha kuzijua. Felicitas Goodman aliona chanzo chake katika hali ya akili iliyobadilika. Kilichosikika kanisani hapa hakipingani na Samarin: silabi nyingi zilikuwa wazi, konsonanti na irabu, kama za Kiswahili, na chache zilifanana na zile za wahubiri wa kigeni waliosikika katika kanda.

Lakini mwanaisimu akikomea hapo atakuwa amepima urefu wa ngoma bila kuisikia. Mwenye kunena hadai kwamba anawapasha watu habari. Anadai kwamba anasema na Mungu, na dai hilo haliko katika uwezo wa fonolojia kulithibitisha wala kulikanusha. Kinachoweza kusemwa na mhakiki ni cha namna nyingine. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 14, aliagiza kwamba asiponekana wa kufasiri, mneno wa lugha usitolewe mbele ya kanisa. Wapentekoste wenyewe hulieleza agizo hilo kwa kutofautisha sala ya mtu binafsi na ujumbe kwa mkutano, na maelezo hayo yana mantiki. Hata hivyo jambo la kushangaza linabaki. Katika kanisa hilo Kiingereza, ambacho karibu kila mtu alikisikia, kilikuwa na mkalimani kutoka mwanzo hadi mwisho. Lugha ambayo hakuna aliyeisikia haikuwa na mkalimani hata mmoja. Huenda maana yake ni kwamba kanisa hili linafasiri kwa ajili ya uzuri na heshima, na linanyamaza pale ambapo maana yenyewe ndiyo inayotafutwa.

7. Ushuhuda na kanuni zake

Ushuhuda ndio utanzu wa nathari wa ibada hii, na umbo lake linajulikana na wote. Hufunguliwa kwa salamu, kisha msemaji hutangaza, "Nimeokoka, nampenda Bwana." Kisha huja taabu, kisha maombi, kisha ushindi, na mwisho mkutano hualikwa kumsifu Mungu. Ni muundo wa ngano: upungufu, majaribu, ukombozi.

Neno lenyewe la kufungulia linastahili kutazamwa. Kitenzi okoa kina kauli mbili zinazokaribiana: okolewa, ambayo inadai mtenda, na okoka, ambayo haimtaji. Aliyenusurika katika ajali ya matatu huambiwa ameokoka, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemwokoa. Imani ya Kipentekoste inafundisha kwamba mwanadamu hawezi kujiokoa, na kwa hivyo mtu angetarajia nimeokolewa. Wenye imani hiyo wamechagua nimeokoka, na kiambishi -me- kimelifanya kuwa hali inayoendelea, kama nimechoka au nimeketi. Aliyeokoka yuko katika hali, na hali hiyo ndiyo kitambulisho chake. Uchaguzi huu ulifanywa na vinywa vya watu bila kamati ya lugha, na una fikira kuliko sera nyingi zilizoandikwa.

Si maneno yote ya mimbari yenye bahati hiyo. Neno upako, lililoundwa kwa kitenzi paka, ni zuri na limefuata kanuni. Lakini "pokea muujiza wako", "dai baraka yako" na "vuka uende ngazi nyingine" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Hata jirani, ambaye kwa Kiswahili ni mtu wa nyumba ya pili, mwenye moto wa kuazima na mtoto wa kutuma, sasa amekuwa yeyote aliyeketi kiti cha kando, anayeambiwa neno moja kwa amri ya mhubiri na kusahauliwa kabla ya sadaka. Mtu akiyalinganisha maneno haya na yale ya Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo iliokota toba, rehema, neema na madhabahu kutoka katika hazina ya Waswahili wa pwani, ataona kwamba msamiati umepungua uzito. Aibu hiyo si ya Wapentekoste peke yao. Ni ya kila taasisi inayoagiza fikira zake zikiwa tayari zimefungwa.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika muundo wenyewe. Ushuhuda unataka ushindi. Aliyeponywa ana la kusema; aliyepata kazi ana la kusema; aliyebaki mgonjwa hana utanzu. Mhakiki aliyefika hapo angeweza kufunga daftari na kuandika kwamba umbo hili ni gereza, na angekuwa na ushahidi wa kutosha, kama si jambo moja lililotokea karibu na mwisho wa ibada.

Mama mmoja wa makamo alisimama. Alisalimu, akaitikiwa, akatangaza kwamba ameokoka, akaitikiwa. Mkalimani alikuwa karibu naye akigeuza Kiswahili chake kwa Kiingereza, kama desturi. Mama akasema kwamba wiki tatu zilizopita alisimama mahali hapo hapo akaomba kanisa limwombee mtoto wake aliyelazwa. Mkalimani akageuza. Akasema kanisa liliomba. Mkalimani akageuza. Akasema mtoto wamemzika Alhamisi. Mkalimani alifungua mdomo na hakusema kitu. Mama akaendelea kusimama. Kifungu kilichofuata, kwa kanuni, kilikuwa cha ushindi, na watu 200 walikingoja. Mama akasema tu, "Basi nimekuja kuwaambia, kwa sababu mliomba pamoja nami."

Hapakuwa na Amina. Mhubiri hakusema neno. Kisha kutoka mabenchi ya nyuma, kule ambako mtazamaji alitaka kukaa, sauti ya ajuza mmoja ilianzisha pambio, polepole, bila ngoma. Wa karibu naye walilipokea, kisha safu nzima, kisha kanisa. Katika mzunguko wa tatu palipokuwa na neno la kubadilishwa waliliingiza jina la mtoto. Wanawake wanne walikwenda wakamzunguka mama, na wimbo haukukoma mpaka alipoketi. Mkalimani hakugeuza lolote katika hayo yote, wala hakuna aliyemtaka.

Umbo lilikuwa limevunjika, na lilizibwa kwa umbo jingine la ibada hiyo hiyo. Ushuhuda haukuwa na mahali pa msiba. Pambio lilikuwa napo. Haki ya mshirika yeyote kuanzisha wimbo, ambayo hapo awali ilionekana kuwa ya kuchangamsha ibada tu, ilijulikana kuwa ndiyo inayolikomboa kanisa pale ambapo mimbari imekosa la kusema. Uchunguzi ambao ungerekodi mahubiri peke yake, kama ambavyo mahubiri hurekodiwa na makanisa yenyewe, usingelipata jambo hili. Kipaza sauti hakikuwa nyuma.

8. Hitimisho

Mambo matatu yaliyotajwa mwanzoni yanaweza sasa kusemwa kwa uhakika zaidi. Ibada ya Kipentekoste ni fasihi-simulizi, nayo ina tanzu zake: salamu ya mgeni, pambio, mahubiri ya mistari pachapacha, maombi na ushuhuda. Istilahi za fanani na hadhira hazitoshi, kwa kuwa hapa fanani ni wawili juu ya mimbari, hadhira yenyewe hukamilisha tungo za wengine, na mwimbaji aliyekuwa wa maana kuliko wote siku hiyo hakutajwa jina wala hakusimama mbele. Na hukumu ya mhakiki haina budi kuwa na pande mbili: kukemea lugha ya kuazima na muundo usiomvumilia aliyeshindwa, na papo hapo kukiri kwamba watu wanaoitumia lugha hiyo wana maarifa ambayo msamiati wao wa mimbari hauyaonyeshi.

Liko pia swali la adabu ya kazi, ambalo idara za lugha haziwezi kuendelea kulikwepa. Hadithi ya sungura ni ya wote, na mwenye kuisimulia hapotezi kitu ikichapishwa. Ushuhuda ni maisha ya mtu. Mtafiti atakayerudi kutoka kanisani na kanda yenye sauti ya mama yule atakuwa na data nzuri sana, na atakuwa amechukua kitu ambacho hakutolewa kwa ajili yake. Yeye hakuomba pamoja naye. Kabla ya wanafunzi kutumwa makanisani kwa wingi, kama inavyofaa watumwe, ni lazima waelezwe ni lini kinasasauti kinapaswa kuzimwa. Katika ibada hii daftari lilifungwa mahali palipotakiwa, lakini lilifungwa kwa haya ya papo kwa papo, si kwa mafunzo yoyote ya chuoni.

Watu walipotoka, mhudumu wa mlangoni alimpa mgeni mkono na kumwambia, "Karibu tena." Mgeni alijibu kwa Kiswahili cha kawaida, bila kifungu cha nne, na safari hii hakuna aliyemkamilishia.